Santuri za Babu Yako Usizioshe kwa Spiriti

Moshi, 14 Julai

Kwako Bakari,

Barua yako nimeipata. Sitaanza na yale ya "hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu", ingawa wewe tulipokuwa shule hukuandika barua bila kuyaweka, hata ya kuomba nauli nyumbani. Huku tu wazima. Baridi la Julai limetukalia kooni, mlima umejificha mawinguni, na kila mtu Mbuyuni anatembea na koti la mtumba.

Umeniuliza nahangaikia nini na santuri za jazi kuukuu wakati kwenye simu yako zimo zote, tena safi, bila mkwaruzo. Zimo, kweli. Hata mimi nikiwa kwenye daladala nasikilizia simu. Ila simu inakupa wimbo, na mimi siku hizi nasikiliza chumba ulimopigwa.

Chukua zile za King Oliver, mpiga korneti (tarumbeta fupi) wa jazi, za mwaka 1923. Bendi yake ilitoka Chicago hadi Richmond, mji mdogo wa Indiana, kwenye studio ya Gennett iliyokuwa kando ya reli. Treni ikipita, kazi inasimama. Kurekodi kwa maikrofoni za umeme kulikuja kushika kasi mwaka 1925. Kabla ya hapo watu walipigia mbele ya pembe kubwa ya bati, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma sindano ichore kwenye nta. Ngoma kubwa ingeirusha sindano hiyo, basi mpiga ngoma, Baby Dodds, akaishia kugonga vibao vya mbao. Wa piano alikuwa Lil Hardin, na ndiye aliyesimulia baadaye kwamba korneti ya Louis Armstrong ilikuwa na nguvu mno, ikamfunika bosi wake Oliver, mpaka wakamsogeza nyuma kabisa, mbali na wenzake. Mwaka uliofuata Lil akaolewa na Louis.

Sasa isikilize ukiwa unajua hayo. Korneti mbili zinakwenda sambamba, moja iko hapa usoni, nyingine inatokea kule nyuma kama mtu aliyenyimwa kiti. Basi huyo aliyenyimwa kiti ndiye aliyekuja kuugeuza muziki wote! Mimi hapo huwa nacheka peke yangu.

Miaka mitano baadaye, Juni 1928, Louis anarekodi "West End Blues" huko Chicago, sasa kwa umeme, na huyohuyo King Oliver ndiye mtunzi. Tarumbeta inaanza peke yake, hakuna wa kumshika mkono, inapanda na kushuka kwa sekunde chache, na bendi inaingia taratibu. Katikati Earl Hines anapiga piano ambayo mkono wa kulia unasema kama tarumbeta. Halafu kuna sauti moja Louis anaivuta, anaivuta, mpaka wewe unayesikiliza ndiye unayeishiwa pumzi. Yote hayo ndani ya dakika 3 na ushee. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 haukubeba zaidi ya hapo, kwa hiyo watu waliozoea kukesha wakipiga walilazimika kusema lao na kushuka. Ndiyo maana hawana porojo.

Na mwaka huohuo wa 1928 Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa HMV, kampuni ya santuri yenye nembo ya mbwa. Kipimo kilekile cha santuri, dakika zilezile. Nikiwaza kwamba Siti na Louis walibanwa na sahani moja, nawasikiliza wote wawili kwa sikio jingine.

Hata santuri ndogo za wazee wetu wa bendi za Jamhuri Jazz na Western Jazz, mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanapochemka. Kwenye simu wameziunga zikawa kitu kimoja. Sawa, ni raha, lakini ule mkato wa kuinuka kwenda kugeuza santuri ulikuwa unakupa hamu.

Gramafoni niliyonayo ni ya kuzungusha mpini, niliipata kwa fundi redio mmoja wa Majengo. Umeme ukikatika, majirani wanawasha tochi za simu, mimi naendelea na jazi ya Duke Ellington. Kasheshe yake ni sindano. Ile ya chuma ni ya upande mmoja tu. Ukiirudia inaitafuna santuri. Ndugu yako mchoyo kwa kila kitu, lakini kwa sindano hapana.

Sasa tuje kwa zile za marehemu babu yako hapo Ngamiani, Tanga. Umesema utazisafisha kwa spiriti. Usithubutu! Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu unaotoka India, na spiriti inauyeyusha. Za plastiki zinavumilia, hizi hapana. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kitambaa laini, ufuate duara, na karatasi ya katikati isilowe.

Ukishazikausha, angalia zenye picha ya mbwa, yaani za HMV. Namba ikianza na GV, hiyo ni miongoni mwa zile zilizotuletea muziki wa Kyuba Afrika tangu miaka ya 1930, na wazee wetu wa dansi walinywea kisimani humo. Hizo usimpe mtu kabla sijaziona, hata akija na fedha mkononi. Zipange zikiwa zimesimama, kila moja na gazeti lake, uzifunge kwenye boksi la mbao na umkabidhi konda mkononi, asizitupe kwenye buti. Zikidondoka zinapasuka kama sahani. Nauli ya mzigo nitalipa huku stendi.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Elia