Mashi si patwa: waulizeni Waodia na Wailokano

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya baba mmoja wa Ibanda, hapa Bukavu, aliyeandika kwamba kufundisha watoto wa vijijini, Kabare na Walungu, kwa Mashi, lugha yetu Washi wa Kivu Kusini, Kongo, ni kumaliza chaki bure, maana Mashi ni patwa ya kijijini, yaani lugha duni, haina vitabu, na Kiswahili kinatosha. Sina ugomvi na Kiswahili. Ndicho ninachoandikia hapa, na ndicho kinachonilisha katika sekretariati yangu ya kuchapa, Nyawera. Ninachokataa ni ile sababu yake ya vitabu. Baba yetu asidhani ameitunga yeye: ina zaidi ya miaka 150, na ilishasemwa mbali sana na Bukavu.

Kati ya wateja wangu wamo masista wawili. Mmoja ni wa Odisha, mashariki mwa India, na lugha yake ni Kiodia, ile iliyokuwa ikiitwa Oriya mpaka India ilipobadili jina kisheria mwaka 2011. Mwenzake ametoka Ilocos Norte, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, na lugha yake ni Kiilokano. Hapa kwangu huongea Kiswahili wao kwa wao, kila mmoja na cha kwake, nami huamua nani amekosea. Wakingoja karatasi zao, nawachokoza kwa maswali.

Lugha hizo si ndugu hata kidogo. Kiodia ni jamaa wa mbali wa Kifaransa: mbili ni dui, jino ni danta, na aliyesoma deux na dent shuleni hahitaji kuelezwa zaidi. Kiilokano kina ndugu zake karibu na sisi, Madagaska: moto ni apuy kule, afo huku, tano ni lima kule, dimy huku. Mwilokano hutanguliza kitendo, “alikula mtoto wali”. Mwodia hukiweka mwisho, “mtoto wali alikula”. Mswahili yuko katikati. Kiodia kina “wewe” wa daraja tatu: “tu”, “tume” na “apana”, na ole wake atakayemwita mkwewe “tu”, ile ya chini. Kiilokano kina “sisi” tatu: data ni mimi na wewe wawili tu, datayo ni sisi sote pamoja nawe, dakami ni sisi bila wewe. Hiyo dakami ingetufaa sana kwenye mikutano ya ukoo, mahali ambapo “tutachanga” ya msemaji huwa haimhusu msemaji.

Turudi kwenye vitabu. Zamani za Waingereza, Odisha ilitawaliwa pamoja na Bengali, na maofisa na walimu wengi walikuwa Wabengali. Mwaka 1870 mwalimu mmoja wa Kibengali aliyefundisha Balasore, mji wa Waodia, alitoa kijitabu kusema Kiodia si lugha inayojitegemea. Na wenzake walikuwa na hoja tamu: vitabu vya shule vya Kiodia ni vichache, vya Kibengali vipo tayari, ya nini gharama? Baba wa Ibanda, umejisikia hapo? Fakir Mohan Senapati, mtu wa Balasore hapo hapo, yeye na wenzake walikuwa wameshaanzisha kiwanda cha chapa mwaka 1868. Akaandika vitabu vya shule mwenyewe, akavichapa. Mimi mtu wa chapa habari hii hunipa kiburi, sifichi. Tarehe 1 Aprili 1936 Odisha ikawa jimbo lake yenyewe, la kwanza India kukatwa kwa kufuata lugha. Mwaka 2014 serikali ikaipa Kiodia cheo cha lugha ya kale yenye fasihi, na sensa ya 2011 ilihesabu wasemaji zaidi ya milioni 37.

Herufi zake ni za mviringo, vichwa vimepinda kama mwavuli. Sista anasema zamani waliandika juu ya majani ya mtende kwa kalamu ya chuma, na mstari ulionyooka ungelipasua jani.

Wailokano nao walikuwa na herufi zao, kur-itan, na kitabu chao cha kwanza cha chapa, katekisimu ya mwaka 1621, kilizitumia. Leo wanaandika kwa herufi hizi hizi zetu. Wana gazeti lao, Bannawag, tangu 1934. Mwaka 2012 jimbo la La Union lilikitangaza Kiilokano lugha rasmi, na mwaka huo huo shule za Ufilipino zikaanza kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya mama. Kisha Oktoba 2024 ikapita sheria namba 12027: Kifilipino na Kiingereza vikarudi, na lugha za nyumbani zikabaki za kusaidia. Sista wa Ilocos husimulia hilo kwa hasira, na mwenzake wa Odisha hunyamaza kwa adabu.

Mimi ni Mshi. Nikisikiliza hayo naona jambo lisilopendeza: hapa kwetu Mbengali ni nani, kama si sisi wa Kiswahili? Tunalalamika kuwa Kifaransa kinatukalia, halafu tukipanda Walungu tunamwambia mtoto anyamaze mpaka ajue cha mjini. Katiba ya 2006 imetaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini kifungu hicho hicho cha kwanza kinasema lugha nyingine ni urithi ambao Serikali inaulinda. Mezani kwangu naona ulinzi wenyewe. Vijana wanaleta vyeti ambavyo Murhula ameandikwa Murula, Cirhuza ameandikwa Chiruza, kwa sababu karani hajafundishwa kuwa Mashi ina rh. Halafu wanalipia karatasi za kusahihisha jina walilopewa na babu.

Basi, Bwana Mhariri, nipe nafasi ndogo katika gazeti lako kila juma kwa maandishi ya Mashi: hadithi, bei za soko, matangazo ya harusi, chochote. Maandishi niachie mimi nitafute, kuchapa nitachapa bure, na rh zote zitakaa mahali pake. Na baba wa Ibanda akitaka kujibu kwa Mashi, apite Nyawera, simtozi.

M. N.,
mchapaji, Nyawera, Bukavu