Salamu za Idi ya Mfunguo Mosi: Mandari ya Watoto na Majira ya Bahari

Ndugu zangu, jamaa na majirani wa Unguja, pamoja na wenzetu walioko Pemba, Bara na ng'ambo,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nawapa nyote mkono wa Idi, nikimuomba Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, awarehemu waliokuwa nasi Ramadhani iliyopita na leo hawapo, na awape afya wazazi ambao umri au maradhi yamewazuia kufika msikitini asubuhi ya leo.

Baada ya salamu, naomba ruhusa niseme machache juu ya watoto, kwa sababu sikukuu hii, hapa kwetu, ni yao kuliko ilivyo yetu. Mtu mzima akishaswali, akala tambi zake na akazunguka kwa wazee, Idi yake imekamilika, na wengine huanza kufunga zile sita za sunna siku ya pili tu. Mtoto anazo siku nne mbele yake, na kila asubuhi huamka na swali lile lile la leo tunakwenda wapi. Swali hilo humkuta mzazi ameshatoa fitri, ameshanunua nguo na viatu, ameshalipia kuku wa pilau, na mfuko umebaki mwepesi.

Siku ya kwanza haina mjadala: ni ya Mnazi Mmoja, viwanja vya sikukuu pale mjini. Wapo wanaolalamika kwamba watoto hupoteza pesa zao pale kwa miwani ya plastiki ambayo huvunjika kabla ya isha. Mimi simo katika lalamiko hilo. Mtoto wa miaka sita anayefungua kipochi chake, akazihesabu noti alizopewa na shangazi na babu, kisha akasimama mbele ya meza ya michezo ya watoto hajui achague saa au kinanda, anafanya biashara yake ya kwanza, na ni haki yake akosee mwenyewe. Ila si lazima siku nne zote ziwe za kununua, na hapo ndipo bahari inapotusaidia.

Idi hii huingia kwa kuandama mwezi, na mwezi mchanga ndio unaoleta bamvua. Kwa hiyo kila Mfunguo Mosi, mwaka wowote, bahari yetu hupwa mbali na hujaa sana. Siku ya Idi yenyewe maji huwa yamekauka baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na huwa yamejaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 40 au zaidi kidogo. Anayelijua hili hahitaji kiingilio cha mahali popote. Akiwa mjini, awapeleke watoto Forodhani alasiri, maji yakiwa yamefika ukutani, wawatazame vijana wanavyokimbia na kujirusha baharini mmoja baada ya mwingine, huku wakishangiliwa na watu wasiowajua. Afike mapema, kabla ya taa za wauza vyakula kuwashwa, kwa kuwa mtoto aliyekwisha kuiona mishikaki si rahisi kumrudisha nyumbani.

Mandari ninayoipenda zaidi, hata hivyo, ni ya pwani ya mashariki, Chwaka, Paje au Jambiani, wakati maji yamekupwa na bahari imegeuka uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Mtoto huinama kwenye kidimbwi kisichozidi kina cha bakuli, akaona kiti cha pweza chekundu, jongoo bahari aliyelala kama hana habari na dunia, na kaa anayekimbia upande upande kabla hajaguswa. Ataziona pia kamba za mwani zilizofungwa kwenye vijiti, na hapo mzazi ana la kumweleza, kwani kilimo hicho kilianza kwetu mwaka 1989 na wanaokifanya, wengi wao wanawake, hutegemea bamvua hizi hizi ili waweze kuyafikia mashamba yao. Watoto wavae viatu vya zamani, kwa sababu ya miiba na matumbawe, na viatu vya Idi vibaki kwenye mkoba. Maji yakianza kurudi, nanyi mrudi, kwani hujaza mikondo nyuma ya mtu kabla hajatambua.

Kwa Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, ushauri huu haufai, kwa kuwa tarehe 10 ya mwezi huangukia karibu na maji mafu, na bahari haikauki kiasi hicho. Siku hizo ni bora kwenda msitu wa Jozani, ambako daladala za njia ya 309 na 310 hupita, na mwenyeji hulipa kiingilio cha chini mno kuliko mgeni. Watoto watamwona kima punju, ambaye asili yake ni Unguja tu, ila wasimpe chakula hata akikaribia. Wakubwa kidogo wanaweza kufikishwa hadi Kizimkazi Dimbani, wakauone msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, wakiwa wamevaa kanzu na mabaibui yao ya sikukuu.

Chakula kitoke nyumbani: pilau ya jana kwenye hotipoti, vileja, chupa ya chai, mkeka, na maji mengi kuliko mnavyodhani. Madafu mtayanunua njiani. Miaka hii Idi imeangukia Machi, masika yakikaribia, basi mwavuli mmoja usikosekane. Na kama jirani ana mtoto asiye na wa kumtoa, mpakateni. Daladala haimdai nauli mtoto wa mapajani.

Idi njema kwenu nyote. Watakaokwenda Jambiani siku ya tatu, ondokeni mjini kabla ya saa tatu asubuhi, kwani maji yatakuwa yamekauka karibu na adhuhuri, na gari za kurudi mjini jioni hujaa mapema.