Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa AC

Ndugu wanachama wa chama chetu cha magari ya zamani,

Wazee wangu shikamooni, vijana habari zenu.

Hesabu atazisoma mweka hazina, kwa hiyo sizigusi. Ada wengi wamelipa, na wasiolipa wanajijua. Safari ya Bagamoyo ilifanyika na magari yote yalirudi Dar kwa magurudumu yake, isipokuwa moja lililorudi kwa kuvutwa. Hilo lilikuwa langu, na nitaanzia hapo, kwa sababu ndilo lililozaa mjadala uliotula mwaka mzima: kufunga AC kwenye magari ya zamani.

Peugeot 504 yangu mnaijua. Gari hizi zilitoka mwaka 1968, na mwaka 1975 zikashinda Safari Rally bila AC. Lakini foleni ya Februari ni rali nyingine. Mke wangu alishatamka kwamba harusini atakwenda na bajaji, angalau ina upepo. Nikafunga: kompresa, pampu inayosukuma gesi, kwenye breketi ya kuchomelea; kondensa, inayotupa joto nje, mbele ya rejeta; na evaporeta, inayopoza hewa ya ndani, kwenye kiboksi chini ya dashibodi. Kwenda Bagamoyo tulikwenda kama tuko Lushoto.

Wakati wa kurudi, foleni ikatukamata Tegeta. Feni ya 504 haizunguki muda wote. Injini ikipata moto ndipo sumaku ya umeme inaishika, na umeme wenyewe unapita kwenye kijikaboni kidogo kama ncha ya kidole. Cha kwangu kilikuwa kimelika hadi kwenye waya. Siku zote nilikuwa naponea upepo wa mwendo bila kujua. Sasa kondensa inamwaga joto lake juu ya rejeta, gari limesimama, feni imelala. Mshale ukapanda, nikajidanganya kwamba geji ni mbovu, mpaka boneti ikaanza kutoa moshi. Silinda hedi ya 504 ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na joto inapinda. Kilichoipata gaskiti sina haja ya kuwasimulia.

Kamati ikakaa na kukubaliana kwamba chama hakitampa mwanachama fundi wala vifaa vya AC kabla rejeta yake haijazibuliwa na feni yake haijajaribiwa gari likiwa limesimama, injini ikinguruma nusu saa. Aliyeniambia huu ni urasimu nilimwalika aje aione hedi yangu.

La pili ni umeme. Altaneta, inayozalisha umeme wa gari, nyingi za miaka ya 70 zinatoa ampea 35 hadi 55 tu. Mota ya kupulizia ndani, klachi ya kompresa na feni ya ziada kwenye kondensa zinaweza kula ampea 25 au zaidi, na taa hujawasha. Usiku wa mvua, waipa zikifanya kazi, betri inaanza kulipa deni. Badilisha altaneta kwanza, na kila mota ipate rilei na fyuzi yake. Nimeona waya wa AC umechomekwa kwenye swichi ya redio!

Kuhusu kukata dashibodi ili kuingiza evaporeta, kikao cha Juni kilikuwa kikali na sitakirudia. Msimamo wangu haujabadilika: kiboksi kinaning'inia chini, kinafungwa kwa boliti kwenye matundu yaliyopo, na siku ukitaka kukitoa gari linabaki kama lilivyotoka kiwandani. Ndugu zetu wa Land Rover 109, kwenu sina la kusema. Zibeni kwanza milango.

Wanaodhani AC ni anasa ya juzi wakumbuke Packard ya Marekani ya mwaka 1940. Ilikuwa nayo, ila kuizima ilibidi usimame, ufungue boneti na uutoe mkanda.

Sasa gesi, ambako ndiko tulikoibiwa zaidi. Mwanachama wetu mmoja alijaziwa gesi mara nne kwenye gereji moja, kila mara inapoa wiki mbili kisha basi. Hakuna aliyetafuta panapovuja, wala aliyevuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote iliyomo kwenye mfumo. Mfumo ukifunguliwa unaingiza hewa yetu hii ya pwani, yenye maji ya kutosha kufulia. Maji hayo yanaganda kwenye valvu na kuziba njia, yakikaa yanachangamana na gesi na oili kuwa tindikali. Pampu ya vakyumu ikivuta angalau dakika 45, maji yanachemka na kutoka bila moto wowote. Kisha unafunga, unasubiri, unaangalia kama mshale wa geji unasogea. Ukisogea, panavuja, na gesi usiinunue bado.

Mwenye mfumo wa zamani wa R12 ajue gesi hiyo ilipigwa marufuku kwa sababu ya tabaka la ozoni. Akihamia R134a, oili ya zamani itoke yote, kwa kuwa haichanganyiki na gesi mpya, na draya, kichujio kinachofyonza unyevu, ibadilishwe. Kompresa ya mtumba izungushe klachi yake kwa mkono kabla hujatoa hela, kisha mimina oili yake kidogo kwenye karatasi nyeupe. Ikiwa nyeusi na inametameta, mrudishie mwenyewe.

Kwa hiyo chama kimenunua pampu moja ya vakyumu na seti moja ya geji. Ziko kwangu, pamoja na daftari la kusaini. Geji ya bluu imerudishwa ikiwa na ufa kwenye kioo, na aliyekuwa nayo mwisho hakusaini. Naomba tulimalize hilo leo, kabla ya uchaguzi.