Wachezaji wa Uganda wasifungiwe mlango

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee vijana wetu wanaocheza michezo ya video ya vita kwa ushirikiano kupitia intaneti. Katika Helldivers 2, uliotoka Februari 2024, wachezaji hadi wanne huunda kikosi kimoja, na kwa kuwa risasi ya mwenzako inaweza kukuua kama ya adui, hakuna anayefika mbali bila kuangalia wenzake wamesimama wapi. Hiyo ni nidhamu ya kweli.

Lakini mchezo wa namna hii hutegemea seva za kampuni hata baada ya kuununua, na masharti yakibadilika mnunuzi hubaki mikono mitupu. Mei 2024, Sony, kampuni inayouchapisha mchezo huo, ilitangaza kwamba wanaoucheza kwa kompyuta walazimike kuwa na akaunti ya PlayStation Network, huduma ya Sony ya michezo ya mtandaoni ambayo haikuwa ikitolewa rasmi Uganda. Wachezaji duniani kote walipinga, na sharti likaondolewa ndani ya siku chache. Hata hivyo, mauzo katika nchi nyingi zisizo na huduma hiyo yalibaki yamezuiwa. Huo ni uonevu. Naiomba Tume ya Mawasiliano ya Uganda iwadai wauzaji watamke waziwazi, kabla ya kupokea malipo, kama huduma yote inapatikana hapa nchini.

Mchezaji,
Kampala