Umri wa mgombea si hoja

Mhariri,

Mwalimu mmoja mstaafu wa wadi yetu, hapa Kaunti ya Kilifi, ametangaza nia ya kuwania uwakilishi wadi katika uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, na tangu siku hiyo gumzo la barazani limekuwa umri wake tu, kana kwamba bunge la kaunti ni uwanja wa mbio.

Kifungu cha 193 cha Katiba ya 2010 hakiweki ukomo wa umri kwa mgombea. Miongoni mwa yanayomzuia mtu ni kuwa bado afisa wa umma, kizuizi ambacho mstaafu amekwisha kukivuka. Nayo kazi yenyewe, kwa mujibu wa Kifungu cha 185, ni kutunga sheria za kaunti, kuidhinisha mipango na kuisimamia serikali ya gavana, yaani kazi ya kusoma makabrasha mazito na kuuliza maswali yanayokera. Aliyesahihisha madaftari ya watoto wetu miaka yote hiyo hatatishwa na kitabu cha bajeti.

Sisemi apewe kura kwa sababu ya mvi zake. Wapo wazee waliokalia viti hivyo wakasinzia. Ninalotaka kusikia kutoka kwake, kabla ya fulana na kofia za kampeni kuanza kugawanywa, ni kama yuko tayari kutusomea hadharani makadirio ya wadi yetu kila mwaka, kwa Kiswahili, mradi baada ya mradi.

Mpiga kura,
Kilifi