Waambie kliniki, mwanangu

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Tangu uliponiambia kwenye simu kwamba kule kliniki ya Arusha hujamweleza muuguzi kuwa mimba hii ilipandikizwa, yaani yai lilirutubishwa maabara ndipo likawekwa tumboni mwako, sijalala vizuri. Unasema hutaki kadi yako iandikwe jambo litakalosomwa na kila anayeishika. Haya yako naielewa, kwa sababu maneno ya watu kuhusu “mtoto wa chupa” nimeyasikia hata hapa Majengo, ingawa Louise Brown, wa kwanza kuzaliwa kwa njia hiyo, alizaliwa Uingereza Julai 1978 na sasa ni mama mwenye watoto wake.

Ninakuomba uwaambie mambo mawili, na la pili wewe mwenyewe hulijui.

La kwanza ni hilo la kupandikizwa. Mimba za namna hiyo huandamwa na presha kuliko nyingine, hasa pale kiinitete, yaani lile yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, kilipokuwa kimegandishwa na mji wa mimba ukaandaliwa kwa homoni za dawa, kama ulivyofanyiwa wewe. Yai linapotoka lenyewe kwenye ovari huacha nyuma kitezi kinachotoa homoni za kuisaidia mishipa ya mama kuupokea ujauzito. Mwezi ule wewe hukuwa nacho, na watafiti wanashuku kuwa hiyo ni sehemu ya sababu. Juu ya hayo una miaka 38, na hii ni mimba yako ya kwanza.

La pili ni langu. Siku zote tumekuambia ulizaliwa njiti, tukaishia hapo. Ukweli ni kwamba nilipatwa na kifafa cha mimba, degedege linaloletwa na hiyo presha ya ujauzito. Ulipofikisha miezi saba tumboni, pete yangu ya ndoa ilikataa kutoka. Nilipaka sabuni, nikazungusha uzi kama nilivyofundishwa, nikaishia kuchubua kidole. Uso ulivimba, kichwa kikauma siku mbili, nami nikawa nakunywa chai ya tangawizi na kunyamaza, kwa kuwa sikutaka kuitwa mdekaji. Jioni ya pili nikaanza kuona vimulimuli mbele ya macho. Kilichofuata nilisimuliwa, kwa maana nilizinduka wodi ya wazazi, pete imeshakatwa kwa koleo, nawe umeshazaliwa, kilo 1.5. Vipande viwili vya pete hiyo bado vimo kwenye kopo langu la vifungo. Bibi yako ndiye aliyekubeba kifuani, ngozi kwa ngozi ndani ya kanga, tukipokezana usiku na mchana. Leo wataalamu wanaagiza hivyo hivyo kwa watoto wadogo.

Binti ambaye mama yake aliugua hivyo naye yumo hatarini zaidi, ndiyo maana ukimya wangu umenikera kuliko wako. Uko wiki ya 13. Kwa mwenye hatari kama zako, daktari anaweza kuagiza aspirini ya kiwango kidogo kila siku, nayo hufaa zaidi ikianzwa kabla ya wiki ya 16, ila tafadhali usijinunulie mwenyewe dukani. Baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 usikubali kuambiwa ni uchovu wa safari. Mkojo nao upimwe protini. Kichwa kikikuuma bila kutulia, macho yakififia, au ukisikia maumivu chini ya mbavu za kulia, nenda siku hiyo hiyo. Hata ukishajifungua, hatari haiishi mara moja, kwa hiyo usiache kupimwa katika wiki sita za mwanzo.

Kuhusu mtoto, nilifurahi walipokuwekea kiinitete kimoja tu, kwa sababu pacha ndio huongeza sana kuzaliwa kabla ya wakati na kwa uzito mdogo. Watoto wengi waliopandikizwa huzaliwa salama. Presha ndiyo ninayoiogopa, kwa kuwa hupunguza damu inayofika kwenye kondo la nyuma, mtoto akadumaa, na ikizidi sana dawa pekee ya kuikomesha ni kumzalisha mama hata kama siku hazijatimia.

Kliniki yako ni Alhamisi. Nitapanda basi la kwanza asubuhi na kukungoja kwenye benchi la nje. Ukiingia ukashindwa kusema, niite, nitasema mimi yote mawili.

Mama yako