Foleni ya trekta ipangwe kwa udongo

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na wenye matrekta ya kukodi, hasa wa huku kwetu Kilosa.

Msimu uliopita nililimiwa vipande viwili siku moja, kesho yake baada ya mvua kubwa: mbuga nyeusi bondeni, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, na tifutifu lenye kichanga huko juu. Nilimsihi dereva asubiri siku mbili tatu. "Mzee, nikiondoka leo sirudi, foleni ni ndefu." Nikakubali. Mahindi yalipofika magotini yakawa yananyauka saa tano asubuhi, ya jirani yamesimama. Nikang'oa shina: mizizi imeshuka shubiri moja, ikakata kona na kutambaa ubavu kana kwamba imekuta sakafu. Kumbe trekta lilishindilia udongo ungali umelowa.

Kilichonishangaza, kule juu ndiko kulikoharibika zaidi. Wengi wetu tunaamini udongo wenye mchanga haushindiliki. Mchanga mtupu, wa chembe zinazolingana, kweli haushindiliki sana. Ila zikichanganyika chembe kubwa na ndogo, ndogo huziba matundu ya kubwa. Fundi wa zege anaijua siri hiyo. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002 na zimekaa kama vibamba. Mfinyanzi mkavu huhimili tairi. Ukilowa, vibamba vinateleza na kulaliana. Mbuga angalau hupasuka kiangazi, nyufa za kumeza mkono, ikajifumua kiasi. Tifutifu langu halipasuki. Limebaki vilevile, na sasa nalichimbua kwa sururu, kwa umri huu!

Kupima hakuhitaji maabara. Chota udongo wa kina cha jembe, si wa juu uliokwisha kukauka, uuviringishe viganjani. Wa mfinyanzi ukitoa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, dereva azime injini. Wa kichanga hautoi uzi, kwa hiyo finyanga donge ulibonyeze kwa dole gumba: likibonyea bila kuvunjika, bado.

Mvua ikikatika, mashamba ya juu hukauka kwanza. Basi trekta lianzie huko na mbuga zifuate, hata kama mwenye mbuga ndiye aliyetangulia kulipa. Nami ninayo mbuga, nitangoja zamu yangu.

Mkulima,
Kilosa, Morogoro